Kafeini na Picha ya Fikra
Tangu mwanasayansi Seiji Ogawa na wenzake walipoonyesha, mwaka 1990, katika ubongo wa panya, kwamba mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo (MRI) huweza kutambua mabadiliko ya oksijeni katika damu, wengi wamezichukulia picha za mashine hiyo kuwa sura ya fikra yenyewe. Kafeini, kemikali iliyomo katika kahawa na chai, huitikisa imani hiyo: huizuia adenosini, kemikali ya mwili ambayo kwa kawaida hutanua mishipa ya damu, hivyo mishipa husinyaa, damu iendayo ubongoni hupungua, na ishara inayopimwa huweza kubadilika hata pale ambapo utendaji wa neva haukubadilika kwa kiwango hicho. Kinachopimwa, basi, ni damu inayouhudumia ubongo unaofikiri. Anayedai kwamba fikra yenyewe imeonekana katika picha hizo amevuka mpaka wa ushahidi wake.