Hiki na Huyu

Katika lugha yetu yako maneno madogo yenye mizigo mikubwa. Tusemapo hiki, tumekiweka kitu mahali pake. Tusemapo huyu, tumemkaribisha aliye hai. Kati ya maneno hayo mawili upo mpaka, na kila mmoja wetu huuvuka mara nyingi kwa siku moja bila ya kujiuliza. Katika kurasa hizi chache nataka kuuliza ni jambo gani linalomvusha mtu, au kitu, mpaka huo. Swali hili sikuletewa na kitabu. Nililetewa na mtoto wa miaka saba, nyumbani kwetu Kondoa, siku aliposhona macho ya kikaragosi.

Jina la kikaragosi lenyewe lina jicho ndani yake. Asili yake ni Karagöz, mwanasesere mashuhuri wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Na katika Kituruki kara ni nyeusi, göz ni jicho. Neno lilisafiri mbali hata likafika kwetu, na sisi tukalitumia kwa sanamu ichezeshwayo na mkono wa mwingine, kisha tukalitumia pia kumtukana mtu asiye na rai yake mwenyewe. Lakini tukilirudisha kwao, neno hili si tusi hata kidogo. Ni jina la mwenye jicho jeusi.

Mpwa wangu hakuyajua hayo, wala hayakumhitaji. Yeye alikuwa na soksi kuukuu, na kitako cha chupa ya maji alichokikata ili kiwe fuvu la kichwa. Vitu vya plastiki havikumpa taabu kuvipata. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, vifuniko na vifungashio vya dawa vilibaki. Mvua ikinyesha, maji huvikusanya katika makorongo, na jua likitoka, watoto huviokota kama wavunaji.

Ufundi wa macho aliufikiria mwenyewe. Alichukua vifuniko viwili vyeupe vya chupa viwe weupe wa jicho. Kwa mboni alitafuta mbegu mbili za papai, akazianika hata zikawa nyeusi na ngumu. Kisha akakata vile vijumba viwili vya plastiki angavu vinavyofunika vidonge vya dawa, akaiweka mbegu ndani ya kila kimoja na kukilaza juu ya kifuniko. Gundi ilikataa, kwa maana plastiki ya vifuniko haishikani kwa urahisi na gundi za kawaida. Basi nikamtobolea matundu kwa sindano niliyoipasha moto, naye akashona kwa uzi. Kwa kuwa mbegu ilikuwa huru chini ya kioo chake, kila alipoutikisa mkono macho yaligeuka huku na huku, kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Hapo ndipo nilipolisikia neno. Tangu asubuhi mtoto alikuwa akiniambia, “Mjomba, nishikie hiki.” Jicho la pili lilipokwisha kufungwa uzi, alinigeukia akasema, “Mjomba, usimbane huyu, anakuangalia.” Hakuna aliyemfundisha kubadili. Macho mawili ya takataka yalikuwa yamemtoa kikaragosi katika ngeli ya vitu na kumtia katika ngeli ya watu, na ulimi wa mtoto ulitii kabla ya akili yake kushauriwa.

Mama yangu alikuwa ameketi mkekani penye kivuli, akisikia yote. Yeye ni mmoja wa wazee wengi wa nyanda hizi kavu za kati ambao macho yao yaliharibiwa na trakoma. Maradhi hayo huenezwa kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso na kwa nzi. Na yakirudia mwaka baada ya mwaka, kope hupata makovu kwa ndani, nywele zake hupinda na kulikwaruza jicho mpaka nuru ipotee. Kunawa uso ni kinga mojawapo iliyo kubwa. Lakini mahali ambapo ndoo ya maji hutoka mbali, hata kunawa uso hufanyiwa hesabu.

“Mleteni nimwone,” alisema. Mtoto akamwekea bibi yake kikaragosi mikononi. Mama akapitisha vidole juu ya macho yale, taratibu, akakitikisa kichwa akasikia mbegu zikigonga. Kisha akasema, bila ya hasira, “Huyu mmempa macho, mkamwita huyu. Mimi yangu yalipokwisha, mlianza kuniitaje?”

Hakuna aliyejibu. Naye hakungoja jibu. Alimwambia mjukuu wake akaze uzi, kwa sababu jicho likilegea mtoto mdogo ataling’oa na kulimeza.

Mimi ni mwalimu wa lugha hii, na kwa desturi ya kazi yangu nilikimbilia sarufi kutafuta utetezi. Sarufi ilikuwa upande wangu. Neno kipofu limeanza kwa ki, kama kiti na kisu. Walakini Mswahili hasemi kipofu kimekuja, husema kipofu amekuja. Ni hivyo kwa kiziwi, kwa kilema na kwa kijana. Waliotuachia lugha hii waliamua kwamba umbo la neno lisimnyang’anye mtu utu wake: jina liwe la ki, lakini mwenye jina awe huyu. Anayesema hiki kipofu hakukosea kwa ujinga, amekusudia kudharau. Nami sikuwahi kumtaja mama yangu kwa namna hiyo hata mara moja.

Lakini utetezi huo ulianguka nilipoutazama. Ulimi wangu ulisema huyu, na matendo yangu yalisema hiki. Nilikuwa nikiingia chumbani kwake kimya, nikachukua nilichokifuata na kutoka, kana kwamba asiyeniona hayupo. Nilikuwa nikiuliza mbele yake, “Amekula?” na, “Mmemhamisha kutoka juani?” hali masikio yake ni mazima na kinywa chake kinaweza kujibu. Hatukumnyima chakula wala nguo. Tulimnyima kuulizwa. Tulimtunza vizuri, kama kitu cha thamani kinavyotunzwa. Na hilo ndilo lililomuuma.

Msomaji aweza kupinga akisema kwamba mtoto alidanganyika tu, na kosa la mtoto si msingi wa hoja. Sidhani kwamba alidanganyika. Udanganyifu huuficha mkono. Yeye mkono ulikuwa wake, na mbegu ya papai aliianika mwenyewe. Alijua vema kwamba kikaragosi haoni. Alilolitambua ni jambo jingine: kwamba jicho humfanyia kazi anayelitazama kuliko anayelivaa. Penye jicho twahisi tumeonekana, na ahisiye kuonekana hujirekebisha. Basi heshima yetu nyingi ni woga wa kutazamwa uliovaa nguo za adabu. Jicho likiondoka, woga huondoka. Na tukiwa hatuna kingine, heshima nayo huondoka pamoja nao.

Mwingine atasema kwamba kumsifu mtoto anayechezea takataka ni kuusifu umaskini. Onyo hilo nalikubali. Werevu wa mtoto haumwondolei mtu yeyote deni la kumpa shule na maji safi, wala sitaki mbegu ya papai iwe udhuru wa watu wazima. Lakini sikuandika ili kusifu takataka. Niliandika kwa sababu mtoto aliweza kukiangalia kitu kilichotupwa mpaka akakiita huyu, nami niliishi na mzazi wangu nisimwangalie.

Kaskazini ya mji wetu, karibu na Kolo, iko miamba yenye michoro ya kale. Mary Leakey aliinakili mingi yake mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wako humo watu warefu wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, wenye vichwa vya mviringo. Na mara nyingi nyuso zao hazikutiwa macho. Nimekwenda huko na wanafunzi zaidi ya mara moja, na sijamsikia hata mmoja akiuliza, “Hiki ni nini?” Wote huuliza, “Huyu anafanya nini?” Maana wanaona mkono ulionyoshwa, mguu uliokunjwa, na mtu aliyesimama karibu na mtu. Huo ni ushahidi kwamba twaweza kumtambua mwenzetu bila ya yeye kutukodolea macho. Tulichowapa watu wa mwambani, tusichokijua hata jina lao, twaweza kumpa na aliye mkekani.

Siku hizi nikifika mlangoni kwa mama hubisha hodi, hutaja jina langu, na humwuliza yeye mwenyewe kama amekula. Mara ya kwanza alicheka, akasema, “Karibu, nilikuwa nimekusikia tangu uani.” Alikuwa akinisikia miaka yote. Kikaragosi amelala karibu na mto wake, na jicho moja limeanza kulegea. Mpwa wangu ameahidi kulishona upya. Yeye bado humhitaji huyo awe na macho ndipo amwite huyu. Ana miaka saba, na kwa umri huo inamtosha. Sisi wengine haitutoshi.