Mgeni wa Karungu Apokewe na Anayemjua Mwenyeji

Wanaotaka kuja kutembea huku kwetu Karungu huniuliza waje na kampuni gani ya utalii. Mimi huwaambia watafute ndogo, ile ambayo ukipiga simu anayepokea ndiye mwenye gari, na siku ya safari ndiye atakayekuwa kwenye usukani au atakayekusubiri stejini.

Kampuni kubwa zina njia zao. Zitakutoa Nairobi hadi Narok, zikuingize Maasai Mara, kisha zikurudishe Naivasha au Nakuru. Zinafanya kazi hiyo vizuri, na aliye na siku tatu tu za kuona simba hana sababu ya kulalamika. Lakini ratiba ya magari kumi haiwezi kugeuzwa kwa sababu abiria mmoja amesikia kwamba upande wa magharibi wa Mara, ukipita Migori, kuna ziwa, na kando ya ziwa kuna miamba yenye mifupa ya wanyama walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald alikuja Karungu kuichimba mifupa hiyo. Mmoja wa wanyama waliopatikana hapa alikuwa wa ukoo wa karibu na tembo, mwenye pembe zilizoota kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Watoto wetu wengi hawajawahi kuelezwa habari hii, sembuse watalii.

Kutoka hapa unaweza kwenda Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, ambayo UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ukisonga mbele upande wa Homa Bay unafika Mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe, mahali pekee nchini Kenya ambapo swala aitwaye korongo bado anaishi porini.

Njia hii inamhitaji mtu anayeijua. Barabara za huku Nyatike zenye udongo mweusi hunasa gari mvua ikinyesha, na mwenyeji hujua ni ipi ya kukwepa. Lambwe kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Mwongozaji mzuri atakuambia hayo kabla hujafunga begi. Ukitaka kupanda boti ziwani kutoka Sori, atakutoa asubuhi ziwa likiwa limetulia, na upepo ukichafuka atakataa katakata, hata kama umeshalipa. Huyo anayekataa ndiye ninayemwamini. Kesho atakutana sokoni na mwenye boti, na mama aliyewapikia ngege, na kila mmoja wao anajua kwao mwongozaji huyo ni wapi. Jina lake ndilo mtaji wake.

Udogo peke yake si sifa, hata hivyo. Wapo walio na simu na picha nzuri tu. Mtake mwenye kampuni akuonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Uliza kama mwongozaji amefaulu mtihani wa chama cha waongozaji wa safari Kenya, wenye daraja la shaba, fedha na dhahabu. Bima ya gari uione kwa macho yako. Ada ya mbuga za serikali hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo dai risiti yako, na usitume pesa zote kwa mkupuo mmoja kwa mtu ambaye hujazungumza naye.

Kuna swali lingine ambalo wageni hawaliulizi, nami nalithamini kuliko bei: katika pesa ninazolipa, nani wa huku atapata kitu? Wavuvi na waanika omena wa Sori wamechoka kupigwa picha na watu wasiowajulia hali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa gari linalosimama dakika kumi, vioo vimefungwa, kisha likatimua vumbi.

Basi ukipanga kuja likizo ya Desemba, piga simu mwenyewe. Mwulize mwenye kampuni ni nani atakayewatembeza Thimlich, na chakula cha mchana mtakula kwa nani. Akikutajia majina bila kusitasita, lipa malipo ya kwanza uje.