Useja, Ndoa na Chemchemi ya Uandishi

Swali la kwa nini mwandishi anaandika hujibiwa mara nyingi kwa kutaja kipaji, ilhali kipaji hueleza uwezo tu, wala hakielezi kinachomfanya mwenye uwezo huo akeshe na kalamu. Historia ya Mlima Meru, nchini Tanzania, inatoa jibu lenye uzito zaidi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa moto na mifugo mingi ikafa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akayafikisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1967 Kirilo na wakili Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya shauri hilo, na mwaka 1974 Ismael Mbise, mwana wa Meru, akalitolea riwaya, Blood on Our Land. Waandishi hawa walisukumwa na deni la ushahidi, yaani wajibu wa kulisema jambo ambalo, lisipoandikwa, litafutika pamoja na waliolishuhudia.

Ikiwa chanzo cha uandishi ni deni kwa wengine, basi useja, yaani maisha bila ndoa, hauwezi kuwa chanzo hicho, ingawa unaweza kukipa nafasi. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, alifundisha kwamba asiyeoa hujishughulisha na mambo ya Bwana bila moyo wake kugawanyika. Naye Imamu Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliipima ndoa pande zote mbili, akaeleza kuwa familia inaweza kumshughulisha mtu hata akamsahau Mola wake, lakini pia kwamba mke anayebeba kazi za nyumba humpatia mumewe wasaa wa elimu na ibada. Hoja zote mbili zinahusu wasaa, ambao ni sharti la kazi, wala si chemchemi ya fikra. Imamu Nawawi, aliyekusanya Riyadh al-Salihin, hakuoa, na bado kitabu chake kina milango juu ya haki za jirani, yatima, na hata mume na mke; Mwana Kupona binti Mshamu, kwa upande wake, alikuwa mjane na mgonjwa alipomtungia binti yake utenzi mnamo mwaka 1858, naye pia akisukumwa na deni kwa mwingine.

Hata hivyo, hoja ya Ghazali inaacha swali zito: wasaa wa mke mwenyewe unatoka wapi? Mama wa Poli au Nkoaranga, huko Meru, anayekata majani ya ng'ombe alfajiri, akapalilia migomba na kahawa, kisha akapika na kuogesha watoto, huenda ana mengi ya kuandika kuliko mumewe, ila hana saa ya kuyaandika. Kwa hiyo jamii inayotaka waandishi haina haja ya kuwahimiza vijana wake waikimbie ndoa. Inapaswa kuwafundisha wanandoa kugawana kazi, ili deni la ushahidi lilipwe na wote wanaodaiwa.