Kuchota Bila Kubisha Hodi

Je, mtu akichukua kitu kisichopungua, ana deni? Swali hili nimelitafakari sana tangu nilipostaafu ualimu, na mfano unaonisaidia kulipima unatoka mahali ambapo wazee wa rika langu hatukupazoea: ndani ya kompyuta.

Mwaka 1979 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, nayo ikaanza kazi mwaka 1980. Ilikuwa baraza la maandishi. Kila kundi lilikuwa na mada yake. Mtu aliandika, maandishi yakanakiliwa kutoka seva moja hadi nyingine, wengine wakasoma na kujibu. Baraza hilo lilijengwa kwa ajili ya herufi, si picha wala muziki. Walakini binadamu hakosi hila. Faili la picha liligeuzwa herufi, kila baiti tatu zikawa herufi nne, likakatwa vipande, na kila kipande kikatumwa kama barua. Mpokeaji alipaswa kuvikusanya vyote, kuvipanga kwa namba na kuvirudisha katika umbo la awali. Kikikosekana kimoja, kazi yote bure.

Ndipo zikaja programu za kumpunguzia mtu taabu hiyo, mojawapo ikiitwa nget. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Mtu huandika amri ya mstari mmoja, akataja kundi na maneno ya kichwa anachokitafuta. Nayo huvuta vipande, huviunganisha na kumwachia faili kamili. Haisomi mazungumzo. Haisalimu. Mwenye kuitumia aweza kuchota miaka mitano pasipo mtu yeyote barazani kujua kwamba aliwahi kupita.

Pana kosa hapo? Mtetezi wake atasema hakuna kilichopungua, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ukichota ndoo kisimani maji hushuka. Ukivuta nakala ya faili, lililoko hubaki vilevile. Hata mwalimu hafundishi akapungukiwa na elimu.

Lakini tutazame vizuri, ndugu msomaji. Kwanza, faili ni la nani? Mengi yaliyopita humo yalikuwa nyimbo, filamu na programu za watu ambao hawakuulizwa. Aliyeyatuma alikuwa mkarimu kwa mali ya mwenzake, na ukarimu wa namna hiyo haumtakasi mpokeaji. Pili, hata kilichotolewa kwa halali kina gharama. Kila seva ilitunza nakala yake. Diski zikajaa, na wenye seva wengi wakaacha kabisa kuyabeba makundi ya mafaili. Duke yenyewe ilizima seva yake ya Usenet mwaka 2010, watumiaji wakiwa wamepungua na gharama zimepanda. Tatu, nyuma ya kila faili palikuwa na mtu aliyeketi kulikata, na mwingine aliyerudia kutuma kipande kilichopotea kwa kuwa tu mgeni asiyemjua alikiomba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sidhani walihofia kwamba mgeni atamaliza chakula. Nadhani walijua kwamba anayekula pasipo kulima hubaki mgeni hata akikaa mwaka mzima.

Na jembe la baraza hili lilikuwapo. Mwaka 2001 watumiaji wa Usenet walianza kutuma vipande vya akiba, vilivyotengenezwa kwa hesabu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Ajabu yake ni kwamba kipande kimoja cha akiba huweza kuziba pengo la kipande chochote kilichopotea. Anayekituma hajui kitamfaa nani, wala kitaziba pengo lipi. Anatuma tu.

Hivyo naliona deni lenyewe. Walimu walionifundisha kusoma wamekwisha kufariki, na sikuwalipa. Niliyoyapata kwao niliwapa wanafunzi ambao wao hawakuwaona kamwe. Programu haina kosa, kama jembe lisivyo na kosa. Anayeitumia na aulize kwanza kama mwenye mali ameridhia. Akishachota kilicho halali, na aache kipande kimoja kwa ajili ya atakayekuja usiku akakuta kuna pengo.