Je, Sare ni Suluhu?

Watu wengi hudhani ya kuwa wachezaji wawili wakitoka sare, basi kila mmoja amepata haki yake, wala hapana neno zaidi. Mimi naona shaka. Na tutazame mchezo wa sataranji, ambao una sare nyingi kuliko bao letu.

Mwaka 2018, mjini London, Magnus Carlsen wa Norwei aliutetea ubingwa wa dunia mbele ya Fabiano Caruana wa Marekani. Walicheza michezo 12, na yote 12 ilikwisha sare.

Mchezo wa 6 ulifunguliwa kwa njia iitwayo ya Petrov, Mrusi wa zamani. Carlsen alimsogeza askari aliye mbele ya shaha wake vyumba viwili. Caruana akafanya vile vile. Carlsen akamtoa farasi amtishe askari yule. Caruana hakumlinda, bali naye alimtoa farasi wake, akamtisha askari wa mwenzake. Njia hii husifiwa kuwa ni ya amani, maana mmoja humwandama mwenzake kama kivuli. Lakini siku ile kivuli kilikaribia kumshinda mwenyewe. Walipambana hata hatua ya 80, ndipo wakaachana sare. Baadaye mashine ya kuhesabu ilionyesha ya kuwa katika hatua ya 68 Caruana alikuwa na njia ya ushindi, ndefu na nyembamba mno. Nani atamlaumu mtu kwa kutoona yaliyo mbali hivyo?

Mchezo wa 12 ni habari nyingine. Carlsen alikuwa na hali bora, na saa yake bado ina muda. Hata hivyo katika hatua ya 31 aliomba sare. Wengi walinung'unika. Yeye alitumainia michezo ya haraka iliyofuata, na kweli aliishinda yote mitatu. Simwiti mdanganyifu: hakuficha kete, na mwenzake alikuwa huru kukataa.

Naijua sare iliyo mbaya kuliko hiyo. Kabla ya daraja letu kufunguliwa mwaka 2025, hapa Kigongo tulikuwa tukingoja kivuko, na wazee hucheza bao. Siku moja nilicheza na mzee mmoja, nikaona wazi ya kuwa zamu mbili zaidi nitafungwa. Nikainuka upesi, nikasema, "Babu, na iwe sare, kivuko kimefika."

Akatazama ziwani, kisha akaanza kukusanya kete, mojamoja.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Lakini kivuko bado kiko Busisi."