Kutoka Pugu hadi Ikulu

Ukiipita Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, unafika Pugu. Hapo palikuwa na shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, ambako Julius Nyerere alifundisha aliporudi kutoka Edinburgh, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya chama cha TANU.

Hapo pia alisoma Benjamin Mkapa, kijana wa Lupaso, Masasi. Akaenda Makerere, akahitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Lugha hiyo ilimfungulia njia: alihariri magazeti, likiwamo Daily News, kabla ya uwaziri, na urais mwaka 1995.

Mzazi, ikiwa lugha inaweza kufungua njia hivyo, jioni usimuulize mwanao alama tu. Muulize anasoma kitabu gani.