Meza ya Bahati

JUMANNE

Soma Isaya 65:11–13, 21–23, Mithali 13:11, Wafilipi 2:4.

Chukua mfano wa kijana wa Wasso, mshiriki wa kanisa. Ni saa tisa usiku wa kuamkia Sabato. Huko New York ni saa moja jioni ya Ijumaa, na mechi ya mpira wa kikapu kati ya vyuo viwili inaanza. Kijana hamjui mchezaji hata mmoja. Lakini ndani ya simu yake zimo fedha za mbuzi aliyetumwa na baba yake kumuuza mnadani, kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Ameziweka zote kwenye mkeka, kwamba timu ya nyumbani itatangulia kufikisha pointi 10. Baada ya dakika chache mkeka umechanika. Asubuhi baba atauliza.

Isaya aliwaonya watu waliomwacha Bwana wakamwandalia meza mungu aitwaye Bahati. Hawakuwa mataifa, walikuwa watu wa agano.

Meza hiyo hufanyaje kazi? Kampuni ikitoa odi ya 1.90 kwa kila timu, mmoja akaweka shilingi 1,000 huku na mwingine 1,000 kule, jumla ni 2,000. Mshindi huchukua 1,900. Shilingi 100 hubaki kwa kampuni, ishinde timu yoyote. Katika masoko ya utabiri ya Marekani, kama Kalshi, mmoja hununua “ndiyo” na mwingine “hapana,” na fedha ya aliyekosea humwendea aliyepatia. Hakuna kilichozalishwa. Anayeomba ashinde, anaomba jirani asiyemjua apoteze. Je, maombi hayo yanapatana na Wafilipi 2:4?

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaruhusu michezo hii kwa wenye miaka 18 na zaidi. Lakini si kila kilicho halali kinajenga (1 Wakorintho 10:23).

Mwingine darasani atasema: “Mfugaji naye hubahatisha.” Ni kweli kwamba hana uhakika. Ukame wa mwaka 2009 uliua ng’ombe wengi kaskazini mwa Tanzania. Lakini mbuzi wako akizaa, hakuna jirani aliyepoteza mbuzi wake. Na maziwa yakipatikana, hata mgeni hunywa. Mithali 13:11 inasifu mali ya namna hiyo, ikusanywayo kidogo kidogo kwa mkono. Na sura ile ile ya Isaya iliyotaja meza ya Bahati inamalizia kwa watu wanaojenga nyumba na kukaa ndani yake, wanaopanda na kula matunda ya kazi yao.

Chini ya msalaba askari walipigia kura vazi la Yesu (Yohana 19:23, 24). Walishindania nguo, huku juu yao Mwokozi akitoa uhai wake bure, hata kwa ajili yao. Kijana wa Wasso naye anakaribishwa kwenye meza hiyo ya neema, pamoja na deni lake.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki akileta zaka ya fedha alizoshinda kwenye mkeka, mhazini afanyeje? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

2. Kijana huyu akifika Sabato hii, darasa lenu litampokeaje ili apate ujasiri wa kumwambia baba yake ukweli?